Ridi Inayokufaa: Vidokezo kwa Wapiga Saksafoni wa Diani, Msambweni na Kwale Nzima

Saksafoni ni shaba, lakini sauti yake huanzia kwenye mmea. Kile kibanzi chembamba kinachofungwa kwenye kipulizio, ambacho wanamuziki wetu wanakiita ridi, ndicho kinachotikisika unapopuliza. Shaba yote iliyobaki kazi yake ni kuupa mtikisiko huo umbo na nguvu. Mwenye ala ya bei kubwa na ridi mbovu atalia mluzi mbele ya wageni wa hoteli. Mwenye ala ya mtumba na ridi nzuri atainua watu vitini.

Kusini mwa Likoni jambo hili lina uzito zaidi. Mafunzo mengi ya saksafoni yameandikwa kwa ajili ya watu wa nchi za baridi na hewa kavu. Mpigaji wa Diani leo jioni anapuliza ufukweni, upepo wa bahari ukimjia usoni. Kesho yuko ndani ya ukumbi wa kiyoyozi. Jumamosi yuko harusini Msambweni, chini ya turubai, kwenye joto la watu mia mbili. Ridi inasikia mabadiliko hayo yote kabla yake. Vidokezo hivi ni vya mpigaji huyo, awe anaanza au awe ameshazoea jukwaa.

1. Agiza kwa jina la ala

Soprano, alto, tenori na baritoni kila moja ina ridi yake, na upana wake haulingani. Ridi ya alto ukiifunga kwenye tenori inaacha mianya pembeni, na ya tenori kwenye alto inatokeza nje. Sisi wa Ukunda na Msambweni mara nyingi tunaagiza kwa simu kutoka Mombasa au Nairobi, mzigo unakuja kwa basi. Ukisema tu "nitumie ridi za saksafoni", umejitafutia hasara: ridi ni kitu cha kinywani, na muuzaji mwenye akili harudishiwi boksi lililofunguliwa. Taja ala, taja kampuni, taja aina, taja namba.

2. Namba si cheo

Ridi zinapangwa kwa namba, kwa kawaida kuanzia 1 hadi 5, zikipanda kwa nusu. Wengi hudhani namba inapima unene. Inapima ugumu. Kiwandani ridi za aina moja zinakatwa kwa umbo moja, kisha mashine inaikunja kila moja kidogo kuona inavyokaza, ndipo inapewa namba yake. Mbili zilizokatwa sawasawa zinatofautiana kwa kuwa mmea wenyewe ulikua tofauti: huku nyuzi zimesongamana, kule zimelegea.

Anayeanza na alto achukue namba 2, au 2½ kama tayari ana kifua cha kupuliza. Baada ya miezi kadhaa, misuli ya midomo ikishapata nguvu, ajaribu nusu namba juu. Wapigaji wengi hodari wanaishi kati ya 2½ na 3 maisha yao yote ya muziki na hawakosi kitu.

Hata hivyo kuna imani imeota mizizi kwamba ridi ngumu ndiyo ya mwanamuziki kamili, na kwamba mtu wa namba 2 bado ni mwanafunzi. Imani hii imeharibu sauti za vijana wengi. Ridi iliyokuzidi ugumu inajitangaza yenyewe: sauti imejaa hewa, noti za chini hazitoki mpaka uzilazimishe, na taya linauma kabla seti ya kwanza haijaisha. Mpigaji anaanza kubana kwa meno ili apate sauti, na tabia hiyo ikishaingia kuitoa ni kazi. Ridi iliyo laini mno nayo ina dalili zake: sauti nyembamba yenye kukereza, noti za juu zinazozama chini ya ufunguo, na ukipuliza kwa nguvu ridi inajifunga kabisa hakuna kinachotoka.

Kwa anayepiga hotelini nina ushauri mmoja ambao nausisitiza: chagua ridi kwa kufikiria wimbo wa mwisho, si wa kwanza. Saa mbili usiku kila mtu ana nguvu. Ridi yako ni ile ambayo saa tano kasoro, midomo ikiwa imechoka, bado inakuitikia kwa upole.

3. Namba za kampuni mbili hazilingani

Vandoren ni kampuni ya Ufaransa iliyoanzishwa Paris mwaka 1905 na Eugène Vandoren, mpiga klarineti. Rico ni ya Marekani, na tangu 2004 iko chini ya D'Addario. Ridi ya Vandoren ya boksi la buluu yenye namba 2½ inakaribia ugumu wa Rico namba 3. Kwa hiyo mwenzako akikwambia "mimi napiga mbili na nusu", muulize ya nani. Na ukihama kampuni, usihamie kwa kufuata namba yako ya zamani. Nunua moja moja kwanza, kama muuzaji anakubali kufungua boksi, ndipo ulete kumi.

Kumi ndiyo idadi ya kawaida kwenye boksi la alto. Za tenori na baritoni mara nyingi ni tano.

4. Tazama kipulizio kabla ya kuilaumu ridi

Kati ya ncha ya ridi na ncha ya kipulizio kuna mwanya. Mwanya ukiwa mpana, ridi ina safari ndefu ya kwenda na kurudi, kwa hiyo inatakiwa iwe laini. Mwanya ukiwa mdogo, ridi laini inajifunga upesi, kwa hiyo inatakiwa ngumu kidogo. Ndiyo maana ushauri wa namba bila kutaja kipulizio ni nusu ya ushauri.

Yamaha 4C ya alto, ambayo wanafunzi wengi wanaanza nayo, ina mwanya wa kama milimita 1.7, na ridi namba 2 au 2½ inakaa nayo vizuri. Otto Link 7* ya tenori, inayopendwa na watu wa jazi, ina mwanya unaozidi milimita 2.6. Kijana anayenunua hiyo ya pili kwa sababu ameiona kwenye picha ya msanii, halafu akaifunga ridi ya 3½, atapuliza mpaka aone nyota mchana. Ashuke hadi 2½, au hata 2, bila haya.

Saksafoni nyingi zinazotufikia ni za mtumba na kipulizio hakina hata alama. Hapo kigeuze upande, kilaze sambamba na kipulizio unachokijua mwanya wake, ulinganishe kwa macho. Na ukibadilisha kipulizio usibadilishe ridi siku hiyohiyo. Utashindwa kujua ni kipi kimekusaidia na ni kipi kimekuangusha.

5. Kaa karibu na mpiga nzumari

Adolphe Sax alipata hataza ya saksafoni Paris mwaka 1846. Pwani hii ilikuwa tayari inaijua zumari, yaani nzumari. Mpiga saksafoni wa Kwale ana jirani mwenye elimu ya ridi iliyotangulia shaba, na ni hasara kubwa kumpita barabarani bila kumsalimia.

Nzumari ndiyo inayobeba wimbo kwenye sengenya ya Wadigo, juu ya ngoma, kayamba na upatsu. Ni ndugu ya shehnai ya India na mizmari za Uarabuni. Ulimi wake ni wa jani la jamii ya minazi, unakunjwa, unakatwa na kufungwa kwa uzi kwenye kijibomba chembamba, pande zake mbili zikipigana zenyewe kwa zenyewe. Tofauti na yetu ni kubwa: sisi tuna ridi moja inayopiga dhidi ya kipulizio, na mdomo wa chini unaigusa na kuitawala. Mpiga nzumari anaingiza ulimi wote ndani ya kinywa, midomo ikiegemea kibao kidogo cha duara, mashavu yamejaa hewa, huku akivuta pumzi kwa pua bila kuukata wimbo. Kwa vile midomo haigusi ulimi, hana mahali pa kujificha: kama ulimi haukukatwa sawa na pumzi yake, midomo haiwezi kumtengenezea.

Hapo ndipo pa kujifunza. Yeye anaufanya ulimi umfuate mwili wake, wala hangoji namba kutoka kiwandani. Anaulowesha kabla ya ngoma kuanza. Na anajua ni kitu cha kuchakaa, kwa hiyo hajiamini na mmoja. Wenzake wa shehnai wanazifunga ridi za akiba kwa uzi zikaning'inia kwenye ala yenyewe, hadharani, kila mtu anaziona. Mpiga saksafoni anayepanda jukwaani Diani na ridi moja tu amejitakia balaa.

Kuna faida nyingine, ya kimuziki. Ukitaka kupiga chakacha au sengenya kwa saksafoni, utahitaji kupinda noti, kuipamba kwa vidole vya haraka, na kuishika ndefu bila kutetereka, kama zumari inavyofanya. Ridi ngumu inakataa mapambo hayo, inayaitikia kwa kuchelewa. Juma Tutu, mpiga saksafoni wa Pwani anayeongoza Swahili Jazz Band, amejenga muziki wake kwa kuuchanganya mwendo wa kwetu na jazi. Msikilize ukiwa umeshika ala yako mkononi, ujaribu kufuata. Ridi yako ikishindwa kugeuka pamoja na wimbo, shuka nusu namba ujaribu tena.

6. Ishike kwenye mwanga

Ridi za viwandani zinatokana na mmea uitwao kitaalamu Arundo donax, nyasi ndefu yenye shina gumu. Mashamba maarufu zaidi yako mkoa wa Var, kusini mwa Ufaransa karibu na bahari ya Mediterania. Argentina nayo inalima. Shina linakatwa likiwa na miaka kama miwili, wakati wa baridi, kisha linakaushwa na kuanikwa juani mpaka rangi ya kijani iishe ibaki ya dhahabu.

Ukijua hayo, macho yako yanapata kazi. Ridi yenye kijani kwenye gamba haikukomaa. Itaanza vizuri na kufa upesi. Madoadoa ya kahawia kwenye gamba hayana neno, ni alama za mmea tu. Igeuze utazame kisigino chake: unene wa kushoto na kulia uwe sawa. Kisha iinue kwenye taa au dirishani. Utaona kivuli katikati, kipana chini na chembamba kuelekea nchani, na mwanga pande zote mbili. Pande hizo zilingane. Nyuzi ziende moja kwa moja hadi nchani, zisikate kona. Ncha yenye ufa, hata mdogo kiasi gani, weka kando.

Swali ambalo wanafunzi hawaachi kuliuliza: kwa nini tusikate matete ya mto Ramisi au Umba tukatengeneza wenyewe? Moyo wa swali ni mzuri na ningependa siku moja kuona Mkwale akilima shamba la ridi. Lakini matete ya mitoni mwetu ni mmea mwingine, shina lake jembamba na ukuta wake haufiki unene unaotakiwa. Ridi ya saksafoni inachongwa kutoka kwenye ukuta mnene wa shina pana, ambalo upinde wake ni mdogo. Tete jembamba ukilipasua linakupa kibanzi kilichopinda na chembamba, hakilali juu ya kipulizio. Kwa filimbi ya chivoti, ambayo haina ridi, mwanzi wa kwetu unatosha kabisa.

7. Hewa ya bahari na hewa ya kiyoyozi

Hiki ndicho kidokezo ambacho ningependa kibandikwe ukutani kwenye kila chumba cha bendi pwani ya kusini.

Ridi inanyonya maji na kuyatoa. Ikinyonya inavimba, ikitoa inasinyaa, na kwa kuwa ncha ni nyembamba na kisigino ni kinene, havikauki kwa kasi moja. Matokeo yake ncha inajikunja mawimbi. Ufukweni Diani, hasa miezi ya masika, hewa imeshiba unyevu na ridi haikauki. Inakuwa nzito, sauti inakuwa ya kamasi. Ukiingia ukumbini, kiyoyozi kinainyonya ndani ya dakika chache, na wimbo unaofuata unatoka mluzi. Mpigaji anailaumu midomo yake kumbe ni ridi.

Fanya hivi. Kama ukumbi una kiyoyozi, usiiache saksafoni kwenye kigoda chake ridi ikiwa wazi wakati mwimbaji anazungumza na wageni. Funika kipulizio kwa kifuniko chake, au kaa na ridi mdomoni. Kama uko nje usiku, kuwa na ridi mbili tatu zilizoloweshwa na ubadilishe kati ya seti, ile iliyochoka uifute ipumue. Ukisafiri kutoka Nairobi, ambako uko mita zaidi ya 1,600 juu ya bahari na hewa ni kavu, usihukumu ridi zako siku ya kwanza Diani. Zipe siku mbili zizoee.

Baada ya kupiga, ifute kwa kitambaa safi kutoka kisigino kuelekea nchani, uilaze ubapa kwenye kikasha chenye sehemu ya kioo au plastiki laini. Usiianike juani dirishani. Usiirudishe kwenye kipulizio ikalala humo na mate. Na usiifungie ikiwa mbichi kwenye mfuko usiopitisha hewa, kwa maana pwani kuvu haichelewi. Vifuko vya kudhibiti unyevu vinavyouzwa kwa ajili ya ridi vinashika unyevu usipande wala kushuka mno, vinafaa ukivipata. Vile vya punje za kukausha vinavyokuja na viatu vipya vinaikausha ridi kupita kiasi, viweke kwenye begi la ala, mbali na kikasha cha ridi.

Ukiona weusi wa kuvu unaoingia kwenye mti wenyewe, au ukanusa uvundo, itupe. Si suala la sauti tu. Madaktari wameshaandika juu ya mpiga saksafoni aliyeugua mapafu kwa sababu ya kuvu iliyoota ndani ya ala yake. Unapopuliza unavuta pumzi pia, na unaivuta midomo ikiwa hapohapo.

8. Maji na kinywa

Lowesha ridi kwa maji safi ya kunywa, dakika moja mbili kabla ya kupiga. Kizibo cha chupa kinatosha kuwa bakuli. Usitumie maji ya kisima cha chumvi. Sehemu nyingi za Diani visima vina chumvi, na ridi ikikauka chumvi inabaki kati ya nyuzi. Mate peke yake yanafaa ukibanwa, lakini yana vimeng'enya vinavyoila ridi taratibu.

Kisha sukutua. Tambuu, mabuyu ya rangi, achari, halua na kahawa ya harusini vyote ni vitamu, na vyote vinaingia kwenye ridi. Sukari inaganda, mafuta yanaziba, rangi haitoki. Kunywa maji kwanza, sukutua, ndipo upulize. Mwenye harusi atakuwekea halua yako.

9. Ridi mpya haiendi kazini siku ya kwanza

Ridi iliyotoka kwenye pakiti bado haijui maji. Siku ya kwanza ilowe, pigia dakika tano hadi kumi, kwa sauti ya chini na ya katikati, iweke kando. Siku ya pili ongeza kidogo. Kufikia siku ya nne au ya tano utajua tabia yake. Anayefungua pakiti saa moja jioni na kupanda nayo jukwaani saa mbili anaichosha kabla haijakomaa, na mara nyingi ndiye anayelalamika kwamba kampuni imeharibu ridi zake siku hizi.

Zungusha nne kwa zamu. Andika kwa penseli kwenye kisigino namba ya zamu na tarehe uliyoanza. Zikipumzika zinaishi muda mrefu zaidi, na midomo yako inajifunza kutotegemea ridi moja. Katika boksi la kumi usitarajie kumi nzuri. Utapata chache za jukwaani, kadhaa za mazoezi, na moja mbili za kutupa. Ile bora kuliko zote usiitumie kwa mazoezi. Ihifadhi kwa usiku wenye maana.

10. Jua sauti unayoitafuta

Ridi za Vandoren za boksi la buluu zina moyo mnene na ncha nyembamba, sauti safi iliyotulia. Zinafaa kanisani na kwenye bendi inayosoma noti. Java ya boksi la kijani ilitoka mwaka 1983 kwa ajili ya jazi na muziki wa dansi: ncha nene kidogo, uwanja unaotikisika mpana, sauti inayong'aa na kupasua. Rico ya boksi la rangi ya chungwa ni ya bei nafuu, ina uchangamfu, na kwa anayejifunza haina ubaya wowote.

Kwenye hoteli ambapo gitaa, kinanda na ngoma vyote vimeunganishwa kwenye spika na saksafoni ina maikrofoni moja, ridi inayong'aa inasaidia kusikika. Lakini kwa rumba, pale saksafoni mbili tatu zinapojibizana na waimbaji kama zilivyokuwa zikifanya kwenye bendi ya Mlimani Park ya Dar es Salaam, ridi inayopasua sana inawafunika wenzako. Hapo tafuta inayochanganyika.

Utaona pia ridi nyingine zimekwanguliwa mstari mnyoofu pale gamba linapoishia, na nyingine zimeachwa upinde tu. Zilizokwanguliwa kwa kawaida zinaitikia upesi, hasa noti za chini.

11. Ifunge vizuri kabla ya kuihukumu

Ncha ya ridi ilingane na ncha ya kipulizio, ukitazama kwa mbele ubaki mstari mweusi mwembamba kama unywele. Ikipanda juu inakuwa ngumu, ikishuka inakuwa laini. Ukibanwa jukwaani unaweza kuitumia siri hii kuirekebisha. Ikae katikati. Kibanio kikae kwenye gamba, chini ya mahali mchongo unapoanzia, na skrubu zikazwe kwa kiasi.

Jaribio moja: toa kipulizio na ridi yake, ziba tundu la nyuma kwa kiganja, vuta hewa mpaka ridi ijishike, uache. Ikikaa sekunde moja mbili kisha ikaachia kwa mlio mdogo, imelala vizuri. Ikiachia hapohapo, ama imepinda, ama umeifunga vibaya.

12. Msasa kidogo, subira nyingi

Chini ya ridi, upande wa ubapa, ndiko kunakoharibika kwanza. Ukiilaza kwenye kioo na ikatikisika, chukua msasa laini sana, namba 600, uulaze juu ya kioo, uisugue mara chache kwa mkono mwepesi bila kugusa ncha. Halafu sikiliza upande upi mzito: pinda kipulizio kidogo kushoto upulize, kisha kulia. Upande unaokataa ndio mnene, ukwangue kidogo mno, ujaribu tena. Mti uliotoka haurudi. Jifunzie kazi hii kwenye zile ulizokwisha kuzikatia tamaa.

13. Ridi za plastiki

Légère ya Kanada, iliyoanza 1998, inatengeneza ridi za plastiki zinazokaribia sana ridi za mmea. Bei ya moja inakaribia ya boksi zima, lakini inadumu miezi, haijali masika wala kiyoyozi, wala haihitaji kuloweshwa. Kwa mpigaji wa hoteli anayefanya kazi siku tano kwa wiki, hesabu inakubali. Kwa anayebadilisha kati ya alto na soprano wimbo hadi wimbo ni msaada mkubwa, maana ile inayosubiri haikauki. Mimi bado napenda uzito wa sauti ya mmea, hasa kwenye noti ndefu za taratibu. Moja ya plastiki ndani ya begi, kwa ajili ya usiku mbaya, ni akiba ya busara.

14. Usiazime, usiazimishe

Kwenye vikundi vya shule na vya makanisa utakuta saksafoni moja na watoto wanne. Ala ishirikiwe, ridi isishirikiwe. Mafua, vidonda vya mdomo na kifua vinahama upesi kupitia mti uliolowa. Kila mtoto awe na ridi yake yenye jina lake, na kipulizio kioshwe kwa maji vuguvugu na sabuni kati ya mmoja na mwingine. Maji ya moto yanaweza kukipindisha.

15. Jua siku ya kuiaga

Ridi iliyochoka haivunjiki kwa kishindo. Noti za juu zinaanza kushuka, sauti inapoteza makali, na wewe bila kujua unaanza kubana zaidi ili urudishe kile cha jana. Ukijikuta unasogeza kipulizio kila wimbo ili kurekebisha ufunguo, funga ridi nyingine ulinganishe. Tofauti ikiwa kubwa, muda wake umekwisha, hata kama kwa macho bado ni nzuri. Kwa anayepiga kila siku hilo linaweza kutokea ndani ya wiki mbili tatu.

Kabla hujaitupa, vunja ncha. Kwenye vyumba vya bendi kila mara kuna mtoto anayeokota kilichoachwa na mkubwa, anakifunga kwenye ala, na anaanza safari yake ya muziki na ridi iliyokufa yenye mate ya mtu mwingine. Kama kweli anataka kujifunza, mpe namba 2 mpya kutoka kwenye boksi lako.